Kwa nini pcre3 ni kaka mkubwa wa pcre2: kutatua matatizo ya vifurushi vya rejeksi kwenye Debian na jamaa zake

Ukifika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ukaulizia perege, utaelekezwa vizuri tu, ila muuzaji atajua hapohapo kwamba wewe umekuja na basi la jana. Huku tunasema sato. Ukisema ngege, mzee aliyevua tangu zamani atakuuliza kama una maana ya ngege mwenyewe, yule wa asili ya ziwa, au sato unayempa jina la watu wengine. Na ukisema furu, umetaja ukoo mzima wa samaki wadogo kwa mpigo mmoja, mamia ya aina.

Maktaba za rejeksi kwenye Linux zina tabia hiyohiyo. Rejeksi ni zile ruwaza za kutafutia maandishi, kwa mfano unapotaka kuchambua namba zote za simu zinazoanza na 07 kwenye faili la mauzo. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini maktaba zinazoifanya (maktaba ni msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ni nyingi, na kila distro, yaani kila aina ya Linux kama Debian au Fedora, imezibatiza kivyake. Mimi natunza ghala dogo la vifurushi hapa mjini kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaotunza seva za maduka, shule na wanunuzi wa samaki kuanzia Igoma hadi Nansio, kisiwani Ukerewe. (Kifurushi hapa si bando la intaneti. Ni programu iliyofungwa tayari kusakinishwa.) Simu nyingi ninazopigiwa huanza na "Kaka, hii libpcre inanisumbua." Nimezipanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza, na kila dalili ina sababu zake kuanzia ile ninayokutana nayo mara nyingi.

Kabla ya kugusa chochote

Andika amri hizi tatu, unakili majibu yake mahali. Ukimpigia fundi bila majibu haya atakuomba uyatafute kwanza, na salio litakuwa linakwenda.

`cat /etc/os-release`
`dpkg -l | grep -Ei 'pcre|onig|re2'`
`apt-cache policy libpcre3-dev libpcre2-dev`

Sasa jambo linalowachanganya karibu wote. PCRE ni maktaba ya rejeksi za mtindo wa lugha ya Perl, aliyoianzisha Philip Hazel wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1997. Matoleo yake ya zamani yaliishia 8.45, Juni 2021, na baada ya hapo hakuna anayeyatunza. Januari 2015 ilitoka PCRE2, iliyoandikwa upya sehemu kubwa, na hesabu yake ikaanzia 10.00. Kwenye Debian, ile ya zamani inaitwa `libpcre3` na ile mpya inaitwa `libpcre2-8-0`. Kwa hiyo 3 ni mzee na 2 ni kijana. Usicheke, nimeona seva "ikiboreshwa" kutoka 2 kwenda 3 na mtu aliyefanya hivyo akalala usingizi mzuri.

Namba zile mbili si za aina moja. Debian huunda jina la kifurushi cha maktaba kutokana na SONAME, yaani jina ambalo maktaba imejiandika yenyewe ndani ya faili lake. SONAME ya maktaba ya zamani kwenye Debian ni `libpcre.so.3`. Ondoa `.so.` katikati, unabaki na `libpcre3`. SONAME ya mpya ni `libpcre2-8.so.0`. Hapa jina lenyewe linaishia na tarakimu, hivyo ukiondoa `.so.` unaweka kistari ili namba zisigandane: `libpcre2-8-0`. Hiyo 2 ni sehemu ya jina la ukoo, 8 ni upana wa herufi kwa biti (zipo pia `libpcre2-16-0`, inayotumiwa na Qt, na `libpcre2-32-0`), na 0 ya mwisho ndiyo ahadi: mradi haijabadilika, programu zilizojengwa jana zitaendelea kukubaliwa leo.

Usiamini maneno yangu, liulize faili:

`objdump -p /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libpcre2-8.so.0 | grep SONAME`

Dalili: "Unable to locate package libpcre3-dev"

Sababu ya kwanza huku kwetu ni orodha ya vifurushi iliyochakaa, au nakala ya ghala ambayo haikumaliza kushuka. Umeme unakatika saa nane usiku wakati mashine inavuta vifurushi, asubuhi orodha ipo lakini mafaili hayapo, au yapo nusu. Endesha `sudo apt update` na usome mistari yote, usiangalie wa mwisho tu. Ukiona "Hash Sum mismatch", tatizo ni la ghala na si la jina, basi elekeza mashine kwenye ghala kamili kisha ujaribu tena.

Sababu ya pili inaongezeka kila mwezi: uko kwenye Debian 13. Debian 12 bado ilikuwa na `libpcre3-dev`, ikiwa imeganda kwenye toleo 8.39. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Kifurushi kimeondolewa kwa makusudi, na hakuna amri itakayokirudisha kwa heshima. Unachotakiwa kusakinisha ni `libpcre2-dev`, ambacho ni kimoja kwa biti zote tatu. Kisha angalia kama programu unayoijenga inaielewa PCRE2. Nginx inaielewa tangu 1.21.5. HAProxy unaiambia kwa `USE_PCRE2=1` badala ya `USE_PCRE=1`. PHP imehamia huko tangu 7.3. Kama unajenga nginx ya zamani kwa sababu tu maelekezo uliyoyapata yametaja toleo hilo, tupa maelekezo, chukua nginx mpya.

Sababu ya tatu ni jina la distro nyingine. Fedora inasema `pcre2-devel`, Alpine inasema `pcre2-dev`, Arch inasema `pcre2` na basi, kwa kuwa haitenganishi mafaili ya wajenzi. Oniguruma, maktaba nyingine ya rejeksi, ndiyo yenye mtego zaidi. Kote huko jina lake huanza na `oniguruma`, lakini kwenye Debian na Ubuntu inaitwa `libonig-dev`. Anayejenga PHP 7.4 au mpya zaidi yenye mbstring (sehemu yake ya kushughulikia herufi za lugha mbalimbali) hukutana na "No package 'oniguruma' found", anaandika `apt install oniguruma-dev`, anakosa, anakata tamaa. Ni sato na perege tu.

Onyo: usiongeze mstari wa ghala la Debian 12 ndani ya mashine ya Debian 13 ili kuvuta kifurushi kimoja. Watu wa Debian wenyewe huiita mashine ya namna hiyo FrankenDebian, na ikishaharibika hakuna anayeweza kukuambia kwa simu imeharibikia wapi. Kama umeshafanya hivyo na `apt` inapendekeza kuondoa vifurushi kadhaa, jibu `n` na umwite mtu.

Dalili: kifurushi kimesakinishwa, lakini kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kunagoma

Soma ujumbe, kwa sababu kila mmoja una dawa yake.

"pcre.h: No such file or directory" maana yake msimbo unataka maktaba ya zamani na wewe una mpya. Faili la PCRE2 ni `pcre2.h`. Usinakili moja ukaliita jina la jingine. Kazi za ndani ya maktaba (functions) zilibadilika majina na hata namna ya kuitwa: `pcre_exec` imekuwa `pcre2_match`, na `pcre_study` haipo kabisa. Kama msimbo si wako, tafuta toleo jipya la programu hiyo. Kama ni wako, jipe siku mbili za kazi ya kweli, usitegemee amri ya kutafuta na kubadilisha.

Ujumbe unaolalamika kwamba `PCRE2_CODE_UNIT_WIDTH` haijatajwa ni rahisi. Kabla ya kuingiza `pcre2.h`, andika `#define PCRE2_CODE_UNIT_WIDTH 8`. Maktaba haiwezi kubahatisha unataka biti ngapi.

"cannot find -lpcre2" huwakuta wanaoandika amri ya kuunganisha kwa mkono. Hakuna maktaba inayoitwa `libpcre2` tupu, iko `-lpcre2-8`. Usikariri, tumia `pkg-config --libs libpcre2-8`. Jina la pkg-config nalo limebadilika kutoka `libpcre`, hivyo hati za zamani za ujenzi zitasema hawajaiona hata kama iko mezani.

Na "the HTTP rewrite module requires the PCRE library" ya nginx, mara nyingi ni `-dev` iliyosahaulika. Mtu ameona `libpcre2-8-0` kwenye orodha akaridhika. Hicho ni cha kuendeshea programu, hakina vichwa vya kujengea, yaani mafaili ya `.h`.

Dalili: "error while loading shared libraries: libpcre.so.1: cannot open shared object file"

Hii ndiyo inayonipa kazi zaidi, na ndiyo yenye historia.

Waandishi wa PCRE ya zamani walifikia SONAME ya `libpcre.so.1`, na Fedora na Alpine wakaifuata. Debian, na Ubuntu nyuma yake, wana namba yao wenyewe: `libpcre.so.3`. Ni maktaba moja, msimbo mmoja, majina mawili mlangoni. Kipakizi cha programu hakisomi nia, kinasoma jina. Programu iliyojengwa Fedora ikifika Debian inaulizia `.so.1`, inaambiwa hakuna mtu kama huyo hapa, inafunga virago.

Ukaguzi wa kwanza, bila kubadili chochote:

`readelf -d ./programu | grep NEEDED`
`ldd ./programu | grep -i pcre`

Ya kwanza inaonyesha programu inadai nini, ya pili inaonyesha mashine imempa nini. (Usiendeshe `ldd` kwa programu usiyoijua imetoka wapi, maana inaweza kuishia kuiendesha. `readelf` inasoma tu.)

Kama inadai `libpcre.so.1`, sababu ya kawaida ni hiyo niliyoeleza: umepewa programu ya distro nyingine. Dawa bora ni kutafuta iliyojengwa kwa ajili ya Debian. Ya pili ni kuijenga mwenyewe. Ya tatu ni kuiendesha ndani ya kontena ya distro ilikozaliwa, na kwa programu ya biashara ambayo huna msimbo wake, hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda.

Kuna njia ya mkato utakayoelekezwa kijiweni: tengeneza kiungo kinachoitwa `libpcre.so.1` kinachoelekea `libpcre.so.3`. Sitadanganya, mara nyingi inafanya kazi, kwa kuwa zote ni PCRE 8. Lakini kiungo hicho ukikiweka ndani ya `/usr/lib`, umetoa ahadi kwa niaba ya Debian ambayo Debian haikuitoa, na programu zote za mashine zitaiona. Ukilazimika, weka kiungo ndani ya folda ya programu hiyo peke yake na uielekeze kwa `LD_LIBRARY_PATH`, uandike tarehe na sababu kwenye faili pembeni yake. Na usielekeze kamwe `libpcre.so.1` kwenye `libpcre2-8.so.0`. Huko ndani hakuna kazi inayoitwa `pcre_exec`, hivyo utaondoa kosa moja upate "undefined symbol", na safari hii litatokea katikati ya kazi badala ya mwanzoni.

Kama inadai `libpcre.so.3` na iko Debian 13, kuna kisa kinachojirudia. Mashine ilipandishwa kutoka 12. Kwa wiki kadhaa kila kitu kilikwenda sawa, kisha siku moja programu ikagoma, na fundi anaapa hakugusa kitu. Aligusa. Aliendesha `apt autoremove`. Baada ya kupandisha, `libpcre3` ilibaki kama yatima: haipo tena ghalani ila ipo kwenye diski. Programu iliyowekwa kwa mkono ndani ya `/opt` haijajiandikisha kokote kwamba inaitegemea, hivyo `apt` ikaona haina mwenyewe ikaifagia. Kabla ya kufagia mashine yoyote iliyopandishwa, tazama kwanza:

`apt list '?obsolete'`

Sababu mbili za mwisho ni nadra, lakini zipo. Programu ya biti 32 kwenye mashine ya biti 64 inahitaji maktaba yenye `:i386` mwishoni, baada ya `dpkg --add-architecture i386`. Na programu iliyotoka Alpine haitumii glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Debian, bali musl. Hiyo hukupa "No such file or directory" wakati faili unaliona kwa macho yako, kwa sababu kinachokosekana ni kipakizi chake. Hakuna kiungo kitakachoitibu. Ijenge upya.

Dalili: baada ya `make install`, programu nyingine zisizohusika zinaanza kulalamika

Mwenye duka moja la vipuri vya injini za boti alinipigia Jumamosi jioni. Kijana wake alipakua msimbo wa PCRE2, toleo la zamani, akaujenga akausakinisha ili programu moja ya stoo ifanye kazi. Programu ya stoo ikafanya kazi. Kisha PHP ikagoma, `git` ikagoma, na kila moja inasema "symbol lookup error". Nilimuuliza kijana alisakinisha wapi. "Sijui kaka, niliandika make install tu."

Ukiandika hivyo tu, inakwenda `/usr/local/lib`. Na kwenye Debian, `/usr/local/lib` hutafutwa kabla ya folda ya mfumo. SONAME ni ileile, `libpcre2-8.so.0`, kwa hiyo mashine nzima inaanza kutumia ile ya kijana, ambayo ni ya zamani na inakosa kazi zilizoongezwa baadaye. Tena ujenzi wa kawaida hauwashi JIT (kugeuza ruwaza kuwa msimbo wa mashine ili iende haraka) mpaka uombe kwa `--enable-jit`. Waliowahi kujenga PCRE 8 kwa mkono wanakumbuka jingine: ile haikuwa hata na UTF mpaka uiombe, na majina yenye alama za juu yalikuwa yanavunja kila kitu.

Kagua hivi:

`ldconfig -p | grep pcre2`

Ukiona `/usr/local/lib` inatangulia, umempata. Thibitisha kwanza kwamba ya mfumo ipo: `ls -l /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libpcre2-8.so.0*`. Ikiwa ipo, rudi kwenye folda ya msimbo, endesha `sudo make uninstall` kisha `sudo ldconfig`. Folda ya msimbo imefutwa? Hamisha mafaili ya `libpcre2*` kutoka `/usr/local/lib` kwenda folda ya mahabusu ndani ya `/root`, kisha `ldconfig`. Kuhamisha, si kufuta. Kufuta utafuta baada ya wiki.

Ikiwa ya mfumo haipo, simama hapohapo. Usihamishe chochote. Soma sehemu ya mwisho.

Dalili: ruwaza iliyokubali jana inakataa leo

Hapa hakuna kifurushi kilichopotea. Mashine imesasishwa, na chini yake maktaba imebadilika kutoka PCRE kwenda PCRE2.

Kosa linalojitokeza sana ni "invalid range in character class". Ruwaza kama `[\w-.]` ilivumiliwa na PCRE ya zamani. PCRE2 inaiona kama jaribio la kuanzisha masafa kutoka `\w` hadi nukta, ambalo halina maana, inaikataa. Peleka kistari mwishoni, `[\w.-]`, umemaliza. Kwenye tovuti za PHP zilizotoka 7.2 kwenda mbele hii hujitokeza mara nyingi kwenye fomu za barua pepe, na kwa kuwa maonyo huwa yamezimwa, mteja anachoona ni fomu inayokataa kila anwani.

`grep -P` nayo ilihamia PCRE2 kwenye grep 3.8, mwaka 2022. Toleo hilohilo lilianza kutoa onyo la "stray \" kwa mikwaju ya `\` isiyo na kazi ndani ya ruwaza za kawaida. Onyo hilo halibadili matokeo, ila likiingia ndani ya hati inayosoma kila kinachotoka, linaweza kuharibu ripoti.

PHP ikilalamika kwamba imeshindwa kutenga kumbukumbu ya JIT, mashine imewekewa ulinzi unaozuia programu kujiandikia msimbo wa kuendesha. Weka `pcre.jit=0` kwenye `php.ini`. Kasi itapungua kidogo, kazi itaendelea. Usilegeze ulinzi wa seva nzima kwa ajili ya kasi ya ruwaza.

Wa Python: `pip install regex` ikikataa kwa "externally-managed-environment" kwenye Debian 12 au 13, sakinisha `python3-regex` kwa apt, au tengeneza mazingira ya pembeni kwa `python3 -m venv`.

Kwa wanaofunga vifurushi wenyewe

Mko wachache, lakini makosa yenu yanatufikia wote.

Lintian, kikaguzi cha vifurushi vya Debian, ikikuambia `package-name-doesnt-match-sonames`, usiizime. Umeita kifurushi `libchujio2` na ndani faili linasema `libchujio.so.1`. Kawaida mtu ameweka namba ya toleo badala ya namba ya SONAME. Siku SONAME itakapopanda, maktaba ya zamani na mpya zinatakiwa ziweze kukaa pamoja kwenye mashine moja, na jina la kifurushi ndilo linaloruhusu hilo. Ukiliita `libchujio` tupu, mpya itamfukuza wa zamani pamoja na wote wanaomtegemea.

`dpkg-shlibdeps` ikisema haioni `libpcre.so.1`, ndani ya mti wako kuna faili lililokompailiwa kwingine. Litafute, liondoe, ujenge kutoka kwenye msimbo.

`dpkg-gensymbols` ikisema alama (majina ya kazi ambazo maktaba inazitoa kwa programu) zimetoweka, acha kazi nyingine zote. Alama iliyotoweka ni ahadi iliyovunjwa. Angalia kwanza kama hukusahau kuwasha kitu wakati wa kujenga. Kama waandishi wa maktaba wameiondoa kweli, SONAME inatakiwa ibadilike, na hilo ni mazungumzo nao, si la kumaliza kwa kufuta mistari kwenye faili la `symbols`.

"trying to overwrite ... which is also in package ..." hutokea ukihamisha faili kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine. Dawa ni `Breaks` na `Replaces` zenye toleo, ndani ya `debian/control`. Kumwambia mteja atumie `--force-overwrite` ni kumhamishia deni.

Halafu lile la POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix. Maktaba ya kuigiza kiolesura cha POSIX ilileta `regcomp` na `regexec`, majina yaleyale yaliyomo ndani ya glibc. Ukiingiza `regex.h` ya glibc kisha ukaunganisha na ya PCRE, inakompaili vizuri na kuanguka inapoendeshwa, kwa kuwa maumbo ya data hayalingani. PCRE2 ilikuja kuyapa majina yake kiambishi `pcre2_` ndani ya maktaba. Programu ikianguka palepale kwenye `regcomp`, angalia kichwa kipi kimeingizwa kabla ya kulaumu ruwaza.

Na majina ya lugha nyingine yana utaratibu wake: `Regexp::Common` ya Perl ni `libregexp-common-perl`, `regex` ya Rust ni `librust-regex-dev`, RE2 ya C++ ni `libre2-dev`. Fuata mkumbo, usibuni.

Mahali pa kuacha na kumwita mwenye uzoefu

`libpcre2-8-0` inaonekana kama kifurushi kidogo cha kutafutia maandishi. Lakini `libselinux1` inaitegemea, na `dpkg` yenyewe inaitegemea `libselinux1`. Maana yake ukiiondoa, umeondoa chombo ambacho ungekitumia kuirudisha. Apt inajua hilo, ndiyo maana itakukatalia au, kutegemea toleo, itakutaka uandike sentensi nzima ya kukiri unachofanya. Ukiona inakukatalia au inakuomba sentensi, funga mkono.

Ikiwa imeshatokea, yaani `dpkg` inasema haioni `libpcre2-8.so.0`: usizime mashine, usifunge dirisha ulilofungua kama root (msimamizi mkuu wa mashine), usijaribu amri za kubahatisha. Seva iliyo wazi bado ina programu zinazoendeshwa kutoka kumbukumbu, ikizimwa huenda isiwake. Piga simu. Fundi anaweza kukutumia faili moja la maktaba kutoka mashine ya toleo lilelile na kulirudisha mahali pake kupitia dirisha lililo wazi, kazi ya dakika chache. Kama umeshazima, itahitajika flashi yenye Debian ya kuwashia, na nakala rudufu ambayo natumaini unayo.

Wa Nansio, nunueni flashi hiyo leo muiweke droo moja na chaja. Meli haisubiri maktaba.